Nani Aliamua Hali za Maada ni Tatu?

Juzi saa tatu usiku binamu yangu mdogo, yuko Gredi ya Saba, alinitumia picha ya daftari lake la sayansi. Homuwaki. Swali la kwanza: taja hali tatu za maada na utoe mfano wa kila moja. Alikuwa amejibu fiti kabisa. Yabisi, yaani kitu kigumu: jiwe. Kimiminika: maji. Gesi: hewa. Hapo ni tiki tatu, hakuna mwalimu wa kubisha.

Lakini pembeni, kwa penseli, alikuwa ameandika kitu ambacho hakuna mtu alimuuliza: "Na mafuta ya nazi je?"

Nikampigia simu. Akaniambia Aprili walipoenda Mombasa kwa shangazi, mafuta ya nazi aliyobeba yalikuwa yanamwagika kama maji. Saa hii ni Julai, baridi ya Nairobi mnaijua, na mafuta yaleyale kwa chupa ileile yameganda mpaka anayachokora na kijiko. "Sasa niandike ni yabisi ama ni kimiminika?"

Nikamwambia, si umuulize mwalimu kesho.

"Zii. Watanicheka."

Hiyo "watanicheka" ndiyo imenifanya nikae chini niandike hii kitu. Juu naijua vizuri. Nikiwa Darasa la Sita, mwalimu alimaliza kutufundisha hali tatu, akauliza kama kuna mtu ana swali. Mimi na kiherehere changu nikainua mkono. Nikauliza: moto ni gani kati ya hizo tatu? Huwezi kuushika kama jiwe, haumwagiki kama maji, na huwezi kuufungia kwa puto. Mwalimu akaniangalia, akasema moto hauko kwa silabasi. Darasa nzima ikaangua kicheko. Wakaniita Moto mpaka muhula ukaisha.

Sikuinua mkono tena. Sekondari sikuinua. Hata chuo, kile nilichoacha katikati, nilikuwa yule msee wa kukaa nyuma anakopi noti na kunyamaza. Sisemi niliacha chuo kwa sababu ya moto. Hiyo ni stori ingine na inahusu karo. Lakini kunyamaza nilijifunzia Darasa la Sita, kwa somo la hali za maada.

Miaka mingi baadaye ndiyo nikaanza kusoma hii historia mwenyewe, usiku, kwa bando za mkopo. Na nikagundua kitu ambacho hakuna mtu alituambia: ile "tatu" ya daftarini haikuanguka kutoka mbinguni. Ilijengwa pole pole na watu waliouliza maswali ya kuchekesha. Na swali moja kati ya yale yaliyosumbua zaidi liliulizwa na kijana wa Fomu Tatu, hapa tu ng'ambo ya mpaka, Tanzania.

Wacha tuanze mwanzo.

Tatu ilitoka wapi

Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, Aristotle kule Ugiriki alifundisha kwamba vitu vyote tunavyoviona hapa duniani vimeundwa na vitu vinne: ardhi, maji, hewa na moto. Ebu vitazame tena. Kigumu, kimiminika, gesi, halafu moto. Yeye alikuwa anaongea juu ya vitu vya asili na si hali kama tunavyosema leo. Lakini angalau mzee hakuuacha moto nje ya silabasi.

Watu wakakaa na hesabu hiyo kwa karne nyingi. Chochote kisichoonekana kiliitwa tu hewa. Harufu ya kinyesi cha ng'ombe, mvuke wa sufuria, moshi, yote ni hewa.

Halafu miaka ya 1600 akatokea daktari mmoja wa pande za Brussels, Jan Baptist van Helmont. Huyu alichoma ratili 62 za makaa. Akapima jivu lililobaki, akapata ratili moja. Sasa swali ambalo mtu yeyote mwenye jiko la makaa angeweza kuuliza lakini hakuna aliyejisumbua: zile 61 zimeenda wapi? Akasema zimegeuka kuwa kitu kisichoonekana, na kitu hicho si hewa ya kawaida. Kwa sababu hakikuwa na jina, akakipa moja, akichukua neno la Kigiriki la vurugu, chaos. Akaita gas. Kitabu chake kilitolewa mwaka 1648, akiwa tayari amekufa. Kwa hivyo lile neno "gesi" ambalo mama yako hulisema kwa uchungu mtungi ukiisha katikati ya chapati, lilianzia kwa mtu aliyekuwa anashangaa makaa yake yameenda wapi.

Miaka kama 100 baadaye, Scotland, kulikuwa na mwalimu wa chuo anaitwa Joseph Black. Wakati huo watu waliamini barafu ikifika kiwango cha kuyeyuka, ukiiongeza joto kidogo tu inakuwa maji yote mara moja. Black akasema, ngoja kwanza. Kama ni hivyo, mbona theluji ya milimani haiyeyuki yote siku moja ikatuletea mafuriko? Hilo ndilo lilikuwa swali lake. Swali la mtu anayeangalia dirishani.

Akapima. Akaona barafu inameza joto na kipimajoto kinabaki palepale kwenye sifuri mpaka kipande cha mwisho kiyeyuke. Ndipo joto linaanza kupanda. Hilo joto linalomezwa halipotei. Linatumika kubadilisha hali. Unaweza kujaribu leo na barafu kwa kikombe na kipimajoto cha bei rahisi. Hii ndiyo maana jasho linapoondoka mwilini linakuacha ukihisi baridi: likigeuka kuwa mvuke linabeba joto lako na kwenda nalo.

Kisha Paris, mwaka 1789, mwaka uleule mapinduzi ya Ufaransa yalianza, Antoine Lavoisier akatoa kitabu chake cha kemia. Humo akaipanga ile tatu vizuri: karibu kila kitu duniani kinaweza kuwa kigumu, kimiminika au mfano wa hewa, kutegemea joto lililomo. Miaka 5 baadaye alikatwa kichwa na wanamapinduzi, si kwa sababu ya hii lakini kwa sababu alikuwa pia mkusanyaji wa kodi. Mnaona mambo ya kodi hayakuanza jana.

Ukisoma vizuri alichosema Lavoisier, utaona kilipotea njiani kabla kifike kwa daftari la binamu yangu. Daftari linafundisha kama vile vitu vimegawanywa kwa makabila matatu: jiwe ni kabila la yabisi, maji ni kabila la kimiminika, basi. Lavoisier alisema kitu kilekile kinaweza kupitia zote tatu. Na Kiswahili chetu kinalijua hilo kuliko Kizungu tulichofundishiwa. Tunasema *hali*. Mtu akikuuliza "u hali gani?" humjibu jina la ukoo wako. Unamwambia vile uko saa hii. Jana ulikuwa na homa, leo uko poa, na bado ni wewe.

Mafuta ya nazi huyeyuka yakifika kama nyuzi 24. Mombasa iko juu ya hapo karibu mwaka mzima. Nairobi ya Julai iko chini ya hapo, hasa asubuhi. Kwa hivyo nilimwambia binamu yangu aandike hivi: mafuta ya nazi yana hali zote mbili, ni nauli tu ya treni inayotenganisha.

Tatu ikaanza kuvuja

Sasa ukidhani hadithi iliishia 1789, ingia jikoni.

Chukua mtungi wa gesi wa kilo sita uliojaa, utikise kidogo. Unasikia nini? Kitu kinacheza ndani kama maji. Ni kwa sababu ndani ya mtungi wa "gesi" kuna kimiminika. Ukikandamiza aina fulani za gesi kwa nguvu ya kutosha, zinageuka kimiminika bila kuhitaji kugandishwa sana. Mwaka 1823 Michael Faraday alifanya hivyo na klorini London, ndani ya bomba la kioo lililofungwa. Faraday huyo hakuwa amesoma sana. Alikuwa mtoto wa fundi chuma, akaanza kazi kwa duka la kutengeneza vitabu, na akawa anasoma vile vitabu alivyopewa avitie majalada. Wasee tulioacha shule tuna babu huyo mahali.

Kumbe basi joto si kitu pekee kinachoamua hali. Kuna kukandamizwa pia, yaani presha. Na hii inagusa noti zenu moja kwa moja. Mliandika maji huchemka nyuzi 100. Hiyo ni kweli Mombasa, ufuoni. Nairobi tuko juu kiasi cha mita 1,700, hewa inayotukalia ni nyepesi kidogo, na maji huchemka kwenye nyuzi kama 94. Nyahururu, karibu mita 2,300, ni kama 92. Yaani shosh akilalamika maharagwe hayaivi upesi, si maharagwe pekee yana makosa. Maji yake yamechemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Ndiyo maana sufuria ya presha inasaidia: inafungia mvuke, presha inapanda, maji yanapata moto zaidi kabla ya kuchemka. Ilibuniwa na Mfaransa Denis Papin mwaka 1679. Wanafunzi wa Nairobi wanaandika 100 kwa mtihani na nyumbani sufuria inawaambia 94, na hakuna mtu anasema chochote.

Mwaka 1822 Mfaransa mwingine, Charles Cagniard de la Tour, alifanya kitu cha kishujaa na cha hatari. Alifungia kimiminika kama pombe kali ndani ya chuma kizito, akaweka na jiwe dogo la mviringo ndani, akapasha moto huku akilitikisa na kusikiliza. Ni vile tu tunavyotikisa mtungi. Mwanzoni sauti ya jiwe ilikuwa ya kitu kinachopita kwenye maji. Joto lilipopita kiwango fulani, sauti ikabadilika, kimiminika kikawa kama hakipo tena. Leo tunajua kwamba ukipita kiwango hicho, kimiminika na gesi haviwezi kutenganishwa. Si hiki wala si kile. Kaboni dioksaidi iliyo katika hali hiyo inatumiwa leo kuondoa kafeini kwenye kahawa. Kwa hivyo ule mstari kati ya kimiminika na gesi, ambao daftarini umechorwa na rula, kuna mahali unafutika.

Na moto wangu?

Mwaka 1879 Mwingereza William Crookes alikuwa anapitisha umeme kwenye mirija ya kioo iliyotolewa karibu hewa yote. Ndani kukatokea mwanga wa ajabu, naye akasema hii ni hali ya nne ya maada. Mwaka 1928 Mmarekani Irving Langmuir akaipa jina tunalotumia leo: plazma. Ni gesi iliyopashwa au kupigwa umeme mpaka elektroni zinatoka kwenye atomi zake. Radi ni plazma. Jua lote ni plazma. Taa za neoni za klabu za mjini zina plazma. Moto wa mshumaa je? Huo kwa sehemu kubwa ni gesi moto sana, na ile rangi ya manjano ni chembe ndogo za masizi zinazong'aa. Kwa hivyo jibu la swali langu la Darasa la Sita lilikuwa sentensi moja: moto wa mshumaa ni gesi inayowaka, lakini ukipandisha joto zaidi na zaidi kuna hali ya nne inakungoja. Sekunde 10. Sitaki kusema yangebadilisha maisha yangu. Lakini ningeinua mkono wiki iliyofuata.

Kuna na ya tano. Mwaka 1924 mwalimu wa chuo kule Dhaka, Satyendra Nath Bose, wakati huo nchi yao iko chini ya Mwingereza kama tu yetu, alimtumia Albert Einstein hesabu zake akimwomba amsaidie zichapishwe. Einstein akazitafsiri kwa Kijerumani mwenyewe, akaziendeleza. Kutokana na hesabu hizo wakatabiri kwamba atomi zikipozwa mpaka karibu na baridi ya mwisho kabisa, zitaanza kutenda kama kitu kimoja. Ilichukua hadi 1995 ndipo Eric Cornell na Carl Wieman wakaiona hali hiyo huko Colorado, Marekani. Wakapata Nobeli mwaka 2001. Bose alikuwa amekufa tangu 1974, na Nobeli hakuwahi kupata.

Sasa tuje kwa yule kijana.

Maziwa moto ya Magamba

Ni mwaka 1963, mwaka ambao Kenya ilipata uhuru. Tanganyika iko huru tayari. Shule ya Sekondari ya Magamba, kuna kijana wa Fomu Tatu anaitwa Erasto Mpemba. Yeye na wenzake walikuwa wanapenda kujitengenezea aiskrimu. Unachemsha maziwa, unatia sukari, unangoja yapoe, ndipo unaweka kwa friza. Tatizo ni moja ambalo kila mtu aliyewahi kukaa bweni analijua: nafasi ni kidogo na watu ni wengi. Ukichelewa umekosa.

Siku moja mwenzake aliona friza inajaa, akaruka hatua ya kuchemsha, akachanganya maziwa na sukari vivi hivi akaweka. Mpemba alikuwa tayari amechemsha yake. Akapiga hesabu: nikingoja yapoe, nafasi imeenda. Akaamua kuyaweka yakiwa moto vilevile. Baada ya saa moja na nusu wakarudi kuangalia. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake bado yalikuwa mazito mazito tu, hayajaganda.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Akaambiwa umechanganyikiwa, hiyo haiwezekani.

Ebu tuwe wakweli hapa, mwalimu hakuwa mjinga. Ukifikiria haraka, yuko sawa. Kitu cha nyuzi 100 kikipoa, lazima kwanza kishuke hadi 35. Kikifika hapo, kimebakisha safari ileile ambayo kile cha 35 kilianza nayo mapema. Kitamshinda vipi? Ni kama mtu aliyeko Thika akuambie atafika Nairobi mjini kabla ya mtu aliyeko Ruiru, na wote wanatumia barabara moja.

Mpemba akanyamaza. Lakini baadaye akakutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu Tanga mjini. Huyo akamwambia sisi huweka ikiwa moto, inaganda upesi. Yaani mitaani wanajua. Wauza aiskrimu wa Tanga walikuwa wanaila hiyo fizikia kila siku, na darasani mtu anaambiwa amechanganyikiwa.

Akaenda Shule ya Mkwawa, Iringa. Siku wanasoma kanuni ya Newton kuhusu vitu vinavyopoa, akauliza tena. Mwalimu wa hapo akamwambia kwa dharau kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Na darasa likaidaka. Kuanzia siku hiyo akikosea hesabu, wenzake wanamwambia hiyo ni hesabu ya Mpemba. Nilipofika hapo kwa simu yangu nilisimama. Mimi walinifanyia hivyo muhula mmoja na nikazima kabisa.

Yeye hakuzima. Siku moja alikuta maabara ya bayolojia haina mtu, akachukua vikombe viwili vidogo, kimoja cha maji moto na kingine cha maji ya mfereji, akaweka kwa friza. Akaona barafu zaidi kwenye ile ya moto.

Kisha shule ikapata mgeni. Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuja kuongea na wanafunzi. Ukafika wakati wa maswali. Mpemba akasimama mbele ya watu walewale waliokuwa wakimcheka. Akauliza: ukichukua vyombo viwili vyenye maji sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine 100, ukaviweka kwa friza, kile cha 100 kinaganda kwanza. Kwa nini?

Wenzake wakaona amewaaibisha mbele ya mgeni. Osborne mwenyewe aliandika baadaye kwamba alidhani kijana amekosea. Lakini hakumwambia hivyo. Alimwambia atakwenda kujaribu. Na akajaribu kweli. Aliporudi Dar alimpa fundi wa maabara hiyo kazi. Fundi akaja na ripoti ya kuchekesha: maji ya moto ndiyo yameganda kwanza, lakini usijali, tutarudia mpaka tupate jibu sahihi. Wakarudia. Jibu likawa lilelile.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education. Jina la Mpemba liko mbele. Wakati huo alikuwa chuo cha wanyamapori Mweka, na baadaye alifanya kazi kama ofisa wa wanyamapori wa serikali. Hakuwa profesa wa fizikia. Lakini leo, popote duniani wanapozungumza juu ya maji moto kuganda kabla ya maji baridi, wanaita athari ya Mpemba. Lile jina la kumtania likageuka kuwa jina lake kwenye vitabu. Na ukirudi nyuma unakuta Aristotle alikuwa ameshagusia kitu hicho, na Francis Bacon pia, na Descartes. Ilikuwa imesahaulika vitabuni. Ilibaki kwa wauza aiskrimu.

Na jibu ni gani?

Hapa ndipo napapenda zaidi. Swali la Mpemba halijafungwa mpaka leo.

Yule mtu wa Thika na wa Ruiru, mfano ule una kasoro moja. Unadhani maji yaliyotoka 100 yakifika 35 ni maji yaleyale. Huenda si yaleyale. Mengine yameondoka kama mvuke, kwa hivyo yamepungua. Gesi zilizokuwa zimeyeyuka ndani zimetoka. Maji yenyewe yanazunguka ndani ya chombo, na chombo chenye moto kinaweza kuyeyusha theluji iliyo chini yake kikashikana vizuri na ubaridi wa friza. Kila mojawapo ya hizi imewahi kutajwa kama sababu.

Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayetoa maelezo bora. Majibu zaidi ya 22,000 yakaja. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, wakapima kwa makini na kusema hawajaona ushahidi wa kutosha kwamba athari hiyo ipo kwenye maji. Hata mahali unapoweka kipimajoto kunaweza kukudanganya. Halafu mwaka 2020 watafiti wa Canada wakaonyesha kwa chembe ndogo sana ndani ya maji kwamba kitu kilichoanza na joto zaidi kinaweza kweli kumpita mwenzake kwenye kupoa. Swali la kijana aliyekuwa anaogopa kukosa nafasi kwa friza limewasumbua maprofesa kwa miaka zaidi ya 50.

Inawezekana siku moja ithibitike kwamba Mpemba alikosea kuhusu maji. Hiyo haitabadilisha ninachosema. Walimu wawili na Dk. Osborne walikuwa na wasiwasi uleule. Wote watatu walidhani kijana amekosea. Mmoja tu alienda kwa friza.

Sitaki mtu aseme nawachafua walimu. Najua mwalimu wa Junia Sekondari ana darasa limefurika, silabasi haijaisha, na maabara ni meza moja na vumbi. Kusema "sijui, tujaribu" inataka muda, na muda ndio hana. Lakini somo hili moja halihitaji maabara. Barafu, mafuta ya nazi, mtungi wa gesi, sufuria ya maharagwe. Kila nyumba ina kitu kimoja kati ya hivyo. Ukianza na vitu hivyo halafu ndiyo ufike kwa yabisi, kimiminika na gesi, watoto watauliza wenyewe kabla hujawaambia. Na sisi wengine tuliokuwa tunacheka pale nyuma, sisi hatuna kisingizio cha silabasi. Mimi pia kuna watu niliwacheka.

Binamu yangu alienda na ile chupa shule Ijumaa. Hakuinua mkono. Aliitoa tu mkobani, jirani yake akaishika, akampa wa nyuma, ikazunguka chini ya madawati kila mtu anaifinya aone vile imeganda. Wakacheka, ndiyo. Lakini ilipomrudia dakika kumi baadaye ilikuwa imeshikwa na mikono mingi sana hadi mafuta yameyeyuka yote. Anasema dawati lake lote lilinyamaza likiangalia chupa. Mwalimu bado hajui.

Jumatatu anasema atauliza.

Wewe ulichekewa swali gani? Liweke hapo chini. Siwezi kuahidi sitacheka, lakini nikimaliza nitaenda kutafuta jibu.